Blarney, Cobh au Kinsale: ukiwa na siku chache Cork, uanzie wapi?

Ukifika Cork, jiji la pili kwa ukubwa katika Jamhuri ya Ayalandi, ukauliza pa kutembelea, jibu la kwanza karibu kila mara ni Blarney. Vipeperushi vya watalii vimejaa picha ya mnara huo huo, na mabasi ya watalii kutoka Dublin yanakimbilia huko huko. Mimi nasema ngoja kwanza. Blarney si pabaya, na kwa baadhi ya watu ndipo hasa. Lakini kwa mwenye siku moja tu, na zaidi kwa aliyewahi kuaga kwao na sanduku mkononi, bandari ndogo ya Cobh ina uzito kuliko kasri lolote, na nauli yake haiumizi.

Nitaziweka sehemu hizi mbilimbili, maana ndivyo uchaguzi unavyomjia mgeni: kasri au bandari, gereza hili au lile, ngome ya mjini au ya ufukweni.

Kasri la Blarney na bandari ya Cobh

Blarney iko kilomita nane hivi kaskazini-magharibi mwa jiji, na basi namba 215 linakufikisha kijijini. Mnara unaouona leo ulijengwa mwaka 1446 na Cormac Láidir MacCarthy, mtawala wa Muskerry. Umebaki gofu: kuta nene, vyumba visivyo na paa, na ngazi nyembamba ya mawe inayojizungusha mpaka juu. Wengi wanaopanda shida yao si gofu. Wanapanda kulibusu jiwe, kwa kuwa husemwa kwamba anayelibusu hupewa ulimi wa kumtoa nyoka pangoni.

Jiwe lenyewe limo kwenye ukingo wa juu kabisa, ng'ambo ya pengo lililo wazi hadi chini, kwa hiyo kuliinamia haiwezekani. Unakaa sakafuni, ukingo ukiwa nyuma yako. Unalala chali, unashika vyuma viwili vilivyokomelewa ukutani, na mhudumu aliyepiga goti anakushikilia kiwiliwili huku kichwa chako kikishuka pengoni na dunia ikigeuka juu chini. Unabusu, unavutwa, unainuka ukijipangusa mgongo. Sekunde chache tu, na mpiga picha ameshamaliza kazi yake. Picha utaikuta inauzwa. Kwa sekunde hizo, katika Julai na Agosti, unaweza kupanga foleni saa nzima au zaidi, ngazi kwa ngazi. Mwenye goti bovu, mwenye kizunguzungu cha urefu na mwenye kinyaa cha kuweka mdomo palipowekwa midomo ya maelfu, wote wana udhuru.

Kuhusu jiwe limetoka wapi, hadithi ni nyingi: wapo wanaosema ni kipande cha jiwe la kutawazia wafalme wa Uskoti, wapo wanaosema lililetwa na wapiganaji wa msalaba kutoka Nchi Takatifu. Mwaka 2014 wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichunguza sampuli ndogo ya jiwe hilo kwa hadubini wakasema ni chokaa ya papo hapo Cork. Foleni haikupungua hata mtu mmoja, nadhani.

Kinachonifanya nisiifute Blarney kwenye orodha ni bustani zake. Nyuma ya kasri kuna bustani ya mimea ya sumu, kila mmoja na kibao chake cha maelezo, na ile hatari zaidi imefungiwa ndani ya vizimba vya chuma. Miongoni mwake yumo mbarika, au mnyonyo kama wengine wanavyouita, ule ule unaojiotea pembezoni mwa viwanja vyetu bila mtu kuushtukia. Bangi nayo imo. Ukishamaliza hapo kuna njia za msituni, mapango madogo na maporomoko ya maji ambayo watoto huyafurahia kuliko jiwe. Ila tiketi ya mtu mzima inapita yuro 20, na kwa familia ya watu watano hiyo ni hesabu ya kukaa chini na kuifikiria.

Sasa Cobh. Hutamkwa "Kov". Treni inatoka stesheni ya Kent, inachukua dakika 25 hivi, na sehemu ya njia unaona maji ya ghuba pande zote mbili. Unashuka mlangoni kabisa pa historia, kwa sababu stesheni yenyewe, sehemu yake kubwa, ndiyo makumbusho ya wahamiaji. Kati ya 1848 na 1950 watu wapatao milioni 6 waliihama Ayalandi, na takriban milioni 2.5 kati yao walipitia gati hii. Wengi wa mwanzo walikuwa wakikimbia Njaa Kuu iliyoanza 1845 baada ya ugonjwa kuozesha viazi, chakula kikuu cha maskini. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine wengi wakapanda meli.

Nje ya makumbusho, ukingoni mwa maji, imesimama sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume. Binti huyu wa Cork alikuwa mtu wa kwanza kupokelewa katika kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York, kilipofunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Sijui Mswahili anayeishi ughaibuni atakayepita pale bila kusimama: dada mkubwa, wadogo wawili chini ya uangalizi wake, wanawafuata wazazi waliotangulia Marekani. Hii tunaijua, tofauti ni kwamba leo ni ndege.

Mwendo mfupi kutoka hapo ndipo ilipokuwa ofisi ya tiketi ya White Star Line, kampuni iliyomiliki Titanic. Titanic ilitia nanga mdomoni mwa bandari hii tarehe 11 Aprili 1912, kituo chake cha mwisho. Ilikuwa kubwa mno kuikaribia gati, hivyo abiria 123 walipelekwa kwa meli ndogo mbili. Wengi sana walikuwa wa daraja la tatu. Walioshuka walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa Francis Browne, wakati huo akisomea upadri wa Kijesuiti. Matajiri wawili aliokutana nao melini walijitolea kumlipia nauli aendelee hadi New York. Akapeleka simu ya upepo kuomba ruhusa kwa mkubwa wake, akajibiwa kwa ukali ashuke. Akashuka na kamera yake. Picha zake ni kati ya chache tulizo nazo za maisha ndani ya meli ile.

Jengo la ofisi hiyo ya tiketi sasa ni maonyesho. Mlangoni unapewa kadi yenye jina la abiria halisi, na ni mwishoni tu unapojua kama mtu wako alinusurika. Ujanja wa kibiashara, ndiyo, lakini unafanya kazi. Nimeona watu wazima wakikimbilia ukuta ule wa majina. Usiondoke bila kutazama nyuma ya jengo: nguzo nyeusi zilizooza zinazochomoza majini ni mabaki ya gati ya mbao walikokanyaga abiria wale kwa mara ya mwisho.

Katikati ya mji uko uwanja wenye mnara wa kumbukumbu ya Lusitania, meli ya abiria iliyozamishwa na nyambizi ya Ujerumani tarehe 7 Mei 1915, si mbali na pwani hii, wakafa karibu watu 1,200. Maiti nyingi zililetwa Cobh na kuzikwa makaburini nje kidogo ya mji. Mgeni wa kawaida anapiga picha ya malaika aliye juu ya mnara na kuendelea na safari. Msomaji wa kutoka Kongo atazame kwanza jina la uwanja: Casement Square. Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, alikuwa konseli wa Uingereza nchini Kongo. Mwaka 1903 alipanda mto kwenda ndani, akakusanya ushahidi wa watu waliokatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold, na ripoti yake ya 1904 ilichangia kumnyang'anya mfalme huyo Kongo mwaka 1908. Baadaye akawageukia Waingereza kwa ajili ya uhuru wa nchi yake. Aprili 1916 alikamatwa Kerry, kaunti jirani, na meli iliyokuwa ikimletea silaha kutoka Ujerumani ikazamishwa na nahodha wake mwenyewe mdomoni mwa bandari hii hii. Agosti mwaka huo alinyongwa London.

Kwa hiyo kati ya viwili hivi: Blarney ni ya watoto, bustani na picha, Cobh ni ya anayetaka kuondoka na kitu cha kuwaza. Cobh pia inakuachia uhuru wa mfuko, kwani gati, sanamu, viwanja na Kanisa Kuu la Mtakatifu Colman havina kiingilio. Kanisa hilo lilianza kujengwa 1868 likamalizika 1919, lina kengele 49 mnarani, na limekaa juu ya mji mzima. Kilima chake ni kikali. Mzazi mzee mpandishe kwa teksi.

Magereza mawili

Spike Island inafikiwa kwa boti kutoka gati ya Cobh, kwa hiyo inajiunga vizuri na safari hiyo. Cork City Gaol iko mtaa wa Sunday's Well, kilomita mbili hivi kutoka katikati ya jiji, na unaweza kwenda kwa miguu ukifuata mto Lee.

Kisiwa cha Spike kina historia ya tabaka juu ya tabaka. Kilikuwa na watawa tangu karne ya 6 au 7, kikajengwa ngome kubwa yenye umbo la nyota, na mwaka 1847, njaa ilipojaza mahakama watu walioiba chakula, kikageuzwa gereza. Miaka ya 1850 kilikuwa na wafungwa zaidi ya 2,300, gereza lililosongamana kuliko karibu yote ya dunia ya wakati huo, na zaidi ya 1,000 walifia na kuzikwa huko kabla halijafungwa 1883. Waingereza waliendelea kukishikilia kisiwa hata baada ya uhuru wa Ayalandi, wakakiachia 1938. Gereza likarudi tena mwaka 1985 na kudumu hadi 2004. Ukiingia katika jengo la adhabu, kuta zake zinakandamiza kifua hata jua likiwa linawaka nje.

Gereza la mjini lilifunguliwa 1824, na kwa nje linafanana na kasri la hadithi za watoto. Kuanzia 1878 lilikuwa la wanawake. Constance Markievicz, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Uingereza, ambaye alikataa kukikalia kiti chake, alifungwa humu 1919. Lilifungwa 1923 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na miaka michache baadaye kituo cha redio cha Cork kikawa kinarusha matangazo kutoka jengo hilo hilo. Leo seli zimepangwa sanamu za nta: mlinzi, mfungwa, mama na mtoto. Sanamu hizo sizipendi sana. Maandishi ya mkono yaliyoachwa ukutani na wafungwa wa 1922 na 1923 yanasema zaidi kuliko nta yote iliyomo.

Spike hula zaidi ya saa tatu pamoja na boti, na tiketi yake, boti ikiwemo, nayo inapita yuro 20. Gereza la mjini saa moja na nusu inatosha, kwa karibu nusu ya bei hiyo. Ukiwa na siku nzima, nenda Spike bila kusita. Mvua ikinyesha (na itanyesha), gereza la mjini lina paa, na kisiwani sehemu kubwa ya matembezi ni ya nje kwenye upepo wa bahari. Miezi ya baridi boti ni chache, hivyo hakikisha ratiba kabla hujapanda treni.

Ngome mbili: Elizabeth Fort na Charles Fort

Hapa hesabu ni rahisi. Elizabeth Fort iko ndani ya jiji, kuingia ni bure, na unazunguka kuta zake kwa nusu saa. Ilijengwa 1601. Malkia Elizabeth wa Kwanza alipokufa 1603, watu wa Cork waliibomoa. Wakalazimishwa kuijenga upya kwa gharama yao. Katika karne ya 19 wanawake waliohukumiwa walikusanywa humo wakisubiri meli za Australia. Faida kubwa ya leo ni mandhari: kutoka ukutani unaona minara mitatu ya kanisa la Fin Barre ikiwa karibu sana.

Charles Fort ni jambo jingine kabisa. Iko Kinsale, mji wa wavuvi na mahoteli kilomita 25 hivi kusini, kisha kilomita mbili na ushee kwa miguu ukifuata ufukwe hadi Summercove. Ilijengwa kuanzia miaka ya 1670, yenye pembe zilizochongoka kama nyota ili mizinga ifunikane na askari adui asipate pa kujificha. Aliyewahi kuzunguka Fort Jesus ya Mombasa ataitambua hesabu hiyo ya ukuta mara moja. Na uhusiano hauishii kwenye mawe. Fort Jesus ilijengwa 1593 hadi 1596, wakati Ureno na Hispania zikiwa chini ya taji moja, na taji hilo hilo ndilo lililotuma askari Kinsale mwaka 1601 kuwasaidia wakuu wa Ayalandi, Hugh O'Neill na Hugh O'Donnell, dhidi ya Waingereza. Walishindwa vibaya, na kushindwa huko ndiko kulikovunja utawala wa koo za kale. Baada yake Waingereza wakajenga ngome mdomoni mwa bandari ili Mhispania asirudi.

Simama kwenye ukuta wa upande wa nchi kavu na uangalie nyuma: kilima kiko juu ya ngome. Mizinga mingi ilielekezwa baharini, na mwaka 1690 jeshi la John Churchill, jenerali wa Kiingereza, lilikuja kwa nyuma, likapanga mizinga yake juu ya kilima hicho, na ngome ikasalimu amri baada ya wiki mbili hivi. Kosa hilo unaliona kwa macho yako, huhitaji kibao. Kiingilio ni yuro chache tu, na kwa maoni yangu hakuna pesa inayotumika vizuri zaidi katika mkoa mzima wa Cork.

Ndani ya jiji: kengele au malaika

Kanisa la Mtakatifu Anne, Shandon, lilijengwa 1722. Pande mbili za mnara wake ni mawe mekundu, mbili ni meupe, na rangi hizo ndizo za timu za Cork hadi leo. Saa yake ya mwaka 1847 ina nyuso nne ambazo mara nyingi hazikubaliani, hivyo wenyeji huuita mnara huo mwongo mwenye nyuso nne. Kilichonivuta mimi ni kengele nane, zilizosubuliwa Gloucester mwaka 1750. Ghorofa ya kwanza unakuta kamba zenye namba na karatasi za nyimbo zilizoandikwa kwa namba hizo: vuta 5, vuta 3, vuta 3. Unavuta, na jiji zima linasikia ulivyokosea. Hakuna anayejali. Ukipanda zaidi unapewa vya kuziba masikio, maana kule chini kwenye kamba mgeni mwingine anafuata zamu. Ngazi ni 132, na za mwisho ni nyembamba kiasi kwamba mwenye mwili wake lazima apite ubavu.

Kanisa Kuu la Fin Barre, la Kianglikana, liliwekwa wakfu 1870. Mbunifu wake, William Burges, alijaza kila pembe nakshi, vioo vya rangi na sanamu, na juu ya paa aliweka malaika wa dhahabu mwenye tarumbeta. Ndani limetundikwa tufe la mzinga lililopigwa mwaka 1690 jiji lilipozingirwa na jeshi la Churchill, jeshi lile lile lililoiangusha Kinsale. Kanisa hili ni zuri kuliko Shandon, bila ubishi. Ila uzuri wa makanisa makuu utaupata na kwingineko Ulaya, na kamba ya kengele mkononi ni nadra. Mwenye muda wa kanisa moja, apande Shandon.

Vya bure visikupite. Chuo kikuu cha UCC kina ukumbi mrefu wenye mawe ya kale yaliyochorwa maandishi ya ogham, mistari tu iliyokatwa pembeni mwa jiwe. George Boole, profesa wa kwanza wa hisabati hapo kuanzia 1849, ndiye baba wa mantiki inayoendesha simu uliyoishika. Ndani ya eneo la chuo, kikanisa cha Honan cha 1916 kina vioo vya Harry Clarke vyenye buluu ambayo sijaiona kwingine. English Market, soko lililoanza 1788, ni la kupitia na njaa: matumbo yapo, hupikwa kwa maziwa na vitunguu, na pembeni yake drisheen, soseji ya damu ambayo Mwislamu aipite mbali.

Midleton, kituo cha mwisho cha tawi jingine la treni, watu wengi huenda kwa ajili ya kiwanda cha wiski. Usiyekunywa una sababu yako: bustani ya Bailick kuna manyoya tisa makubwa ya chuma yaliyosimama duara, kumbukumbu ya Wachoctaw wa Marekani ambao mwaka 1847, wao wenyewe wakiwa wamefukuzwa kwenye ardhi yao miaka 16 hivi nyuma, walichanga dola 170 kuwasaidia Waayalandi wenye njaa.

Kwa nani, wapi

Wazazi wazee: Cobh kwa treni, chakula cha mchana ukingoni mwa maji, basi. Watoto chini ya miaka kumi: Blarney, mapema asubuhi kabla ya mabasi ya Dublin, na jiwe kwanza kisha bustani. Vijana wenye miguu: Charles Fort. Wenye siku mbili: Cobh na Spike siku ya kwanza, jiji na Kinsale siku ya pili.

Anayetoka nyumbani au nchi nyingine ya Ulaya akumbuke kwamba Ayalandi haimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya Schengen pekee haikuingizi. Ukiwa na Leap Card, kadi ya nauli, utalipa kidogo kwenye mabasi ya jiji na treni za Cobh na Midleton. Na basi la Kinsale, namba 226, hupitia uwanja wa ndege wa Cork, hivyo kama una begi la mgongoni tu na ndege yako ni ya jioni, Charles Fort iwe ya siku ya mwisho: unarudi mjini Kinsale kwa miguu, unapanda basi, unashukia uwanjani.